Contessa 32 au J/105: jibu kwa mzaliwa wa Shela aliyeko Southampton

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Shela, Lamu, na huu ni mwaka wa kumi na moja nafanya kazi Southampton, kusini mwa Uingereza. Bahari nilifundishwa na babu yangu katika mashua yake. Nimeweka akiba ya kununua yoti iliyokwisha tumika, na baada ya kutafuta sana nimebakiwa na mbili: Contessa 32 ya mwaka 1978 na J/105 ya mwaka 2001, ambayo bei yake inakaribia mara mbili ya ile ya kwanza. Nataka kushindana siku za Jumamosi pamoja na marafiki wawili, kiasi cha siku 12 kwa mwaka, na kila kiangazi niwachukue mke wangu na watoto wetu, wa miaka 9 na 12, kwa wiki tatu hadi Ufaransa. Mke wangu hulevywa na bahari. Tena ipo ndoto ya siku moja kurudi Lamu kwa chombo changu mwenyewe. Nichukue ipi?

JIBU: Ndugu yangu, swali lako limebeba maswali matatu, na kila moja lina jibu lake, taabu ni kwamba chombo utakachonunua ni kimoja. Kwa hiyo kabla hatujagusa mbao wala matanga, tuhesabu siku. Kwa maelezo yako mwenyewe utakuwa majini siku 33 kwa mwaka, yaani 12 za mashindano na 21 za familia. Siku za kwenda Lamu ni sifuri, na zitabaki sifuri mpaka watoto wako wamalize shule. Nimewaona watu wengi wakinunua chombo cha kuzunguka dunia kwa ajili ya safari ambayo hawakuifanya, kisha wakakichukia kila mwisho wa wiki kwa sababu hakikufaa kwa yale waliyokuwa wakiyafanya kweli.

Sasa tuvitazame vyombo vyenyewe. Contessa 32 ilichorwa na David Sadler na kuundwa na Jeremy Rogers huko Lymington, mwendo mfupi tu kutoka hapo ulipo, kuanzia mwaka 1971. Ina urefu wa mita 9.75, lakini omo yake na tezi yake, yaani ncha za mbele na nyuma, vimeninginia juu ya maji, kwa hiyo urefu unaogusa maji ni mita 7.3 tu. Upana wake ni mita 2.9, mkuku wake, yaani uti wa chini ya mwili, unazama mita 1.68, na uzito wake ni kilo 4,309, ambazo kati yake 2,041 ni farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo. J/105 ilitoka Marekani mwaka 1991, ni mchoro wa Rod Johnstone, na ina urefu wa mita 10.5 na urefu wa kwenye maji unaokaribia mita 9. Ni pana zaidi, mita 3.35, mkuku wake unazama mita 1.98, na juu ya ukubwa huo wote ina uzito wa kilo 3,515 tu, ambazo 1,542 ni farumi.

Zisome tarakimu hizo tena polepole, maana karibu kila nitakachosema kinatoka humo. Chombo kinachosukuma maji badala ya kuyapanda hufungwa na urefu wake wa kwenye maji: Contessa hufikia kikomo chake kwenye kiasi cha maili sita na nusu za baharini kwa saa, na J/105 kwenye maili saba na zaidi kidogo. Lakini J/105, kwa wepesi wake, haikubali kufungwa na kikomo hicho. Ikipata upepo wa nyuma na tanga lake kubwa la mbele, lile linaloitwa spinaka, huinuka na kuteleza juu ya wimbi, jambo ambalo Contessa hailifanyi hata ukiiomba. Tanga hilo hufungwa kwenye mlingoti wa maji unaochomozwa kutoka ndani ya omo na kurudishwa baada ya kazi, na J/105 ni miongoni mwa yoti za kwanza za kisasa kuutumia mtindo huo. Lina eneo kubwa kuliko tanga kuu na tanga la mbele la kawaida yakiunganishwa, na hata hivyo watu wawili wanaojua kazi hulipandisha na kulishusha.

Katika mashua ya babu yako farumi ilikuwa magunia ya mchanga, na kila chombo kilipogeuzwa mabaharia waliyahamishia upande wa joshi, yaani upande unakotoka upepo. Katika yoti farumi haihami. Ni sehemu ya mkuku, na chombo hutafuta usawa wake kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni upana: chombo kipana hukataa kulala mapema, kama mtu aliyesimama akiwa amepanua miguu. Njia ya pili ni uzito ulioko chini, ambao huanza kufanya kazi yake hasa pale chombo kinapokuwa kimekwisha lala. J/105 hutegemea sana njia ya kwanza, ikisaidiwa na mkuku mrefu na watu wanaokaa ukingoni upande wa joshi. Contessa hutegemea ya pili, kwa kuwa karibu asilimia 47 ya uzito wake ni farumi na mwili wake ni mwembamba. Ndiyo maana Contessa hulala haraka upepo unapoanza kushika, hata mgeni akadhani inapinduka, kisha ikifika mahali fulani hujikaza na kukaa hapo, ikienda zake. Vivyo hivyo, ikitokea bahati mbaya ikalazwa kabisa na wimbi, huweza kujirudisha hata ikiwa imepinduka zaidi ya nyuzi 150, na katika ukubwa huu ni yoti chache sana za kisasa zinazofika hapo, kwa kuwa upana uleule unaokufurahisha ukiwa wima ndio unaokushikilia ukiwa umegeuka kichwa chini.

Huenda umekwisha simuliwa habari za mashindano ya Fastnet ya Agosti 1979, na muuzaji wa Contessa atakusimulia tena hata usipomwuliza. Yoti 303 zilianza, dhoruba ikazikuta kati ya Uingereza na Ireland, na washindani 15 wakafa. Katika daraja la vyombo vidogo kabisa yoti moja tu ndiyo iliyomaliza, nayo ilikuwa Contessa 32 iliyoitwa Assent, ambayo baadaye mwenyewe, Willy Ker, aliipeleka kwenye bahari za barafu za kaskazini na za kusini. Habari hiyo ni ya kweli, na heshima ya chombo hiki imesimama juu yake kwa haki. Lakini ushahidi huo unahusu siku ambayo wewe, ukiwa na watoto wawili na utabiri wa hali ya hewa mkononi, utakuwa umefunga kamba bandarini. Usilipe fedha kwa ajili ya dhoruba ambayo huna nia ya kukutana nayo. Uliza badala yake kwamba tabia ileile ya chombo inakupa nini siku ya kawaida.

Na hapa ndipo mke wako anapoingia, naye kwangu ana uzito kuliko dhoruba zote. Mlango wa bahari wa Solent mnaupita kila mtokapo, na upande wake wa magharibi, karibu na ngome ya Hurst, maji hubanwa, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, mkondo hukimbia kwa nguvu inayokaribia mwendo wa yoti yenyewe. Upepo wa kusini-magharibi ukipingana na maji yanayotoka, mawimbi husimama mafupi na makali, moja juu ya lingine. Chombo chepesi chenye tumbo bapa hupanda kila wimbi na kuangukia lifuatalo kwa kishindo. Chombo kizito chembamba hulikata na kupita, ingawa humwaga maji sitahani bila huruma. Contessa ina sifa ya kulowesha watu, kwa kuwa ukingo wake uko karibu sana na bahari, nami sitakuficha hilo. Lakini anayelevywa na bahari hulevywa na mtikisiko wa ghafla kuliko maji ya chumvi usoni. Koti zuri la mvua linauzwa dukani, na tumbo lililotulia haliuzwi popote. Upepo ukiwa wa nyuma mambo hubadilika: Contessa huyumba kushoto na kulia kama mtoto wa bembea, na J/105 hunyooka na kukimbia. Hata hivyo, kwenda Ufaransa kwa pepo za kawaida za huko mtapata zaidi upepo wa ubavuni, na kurudi pia.

Kuna hoja moja ya familia inayoipendelea J/105, nayo ni muda. Kutoka kwenye miamba ya Needles hadi Cherbourg, Ufaransa, ni kiasi cha maili 60 za baharini. Ukienda maili tano kwa saa ni saa 12. Ukienda maili sita na nusu ni saa tisa na kidogo. Kwa mtoto wa miaka 9, saa hizo tatu ndizo tofauti kati ya kufika akiuliza chakula na kufika akilia. Tena, tanga la mbele la J/105 ni dogo, halipiti mlingoti kurudi nyuma, kwa hiyo mke wako anaweza kulivuta peke yake kila mnapopiga bisho, yaani mnapokwenda kwa kupinda-pinda dhidi ya upepo. Contessa hubeba sehemu kubwa ya nguvu yake katika tanga la mbele refu linalopita mlingoti, na kulivuta mpaka likaze, upepo ukiwa umeshika, ni kazi ya mkono wenye misuli na winchi nzuri. (Wewe uliyezoea kulizungusha tanga na foromali yake, ule mti unaolibeba, kwa kuupa upepo kisogo utaona zote mbili ni mchezo, lakini anayevuta si wewe, wewe utakuwa umeshika usukani.)

Humo ndani hakuna iliyo jumba. Contessa ni nyembamba, na watu wanne wakikaa mezani magoti hugusana. J/105 ni pana zaidi lakini iliundwa kwa ajili ya mashindano ya mchana, na mtu mrefu huinama akitembea ndani yake. Watoto wenu watalala popote. Nyinyi wawili nendeni mkalale usiku mmoja katika kila chombo kabla ya kuamua, hata kama ni kikiwa kimefungwa gatini.

Jambo ambalo wanunuzi husahau ni shehena. Familia ya watu wanne, maji, chakula cha siku kadhaa, nanga ya akiba na mnyororo wake, kidau cha kupulizwa na mizigo ya wiki tatu hufika kilo 600 kwa urahisi. Kwa Contessa hiyo ni asilimia 14 ya uzito wake, na chombo hicho tangu mwanzo kilichorwa kizito, hakitajali sana. Kwa J/105 ni asilimia 17, na kila kilo inaondoa kidogo wepesi ambao ndio ulioulipia. Ukiipakia J/105 kama nyumba utabaki na chombo cha bei mbili kinachokwenda kama cha bei moja.

Tuje kwenye Jumamosi zako. Watu wengi hudhani kwamba swali la mashindano limekwisha jibiwa na mwendo, na kwamba J/105 lazima ishinde. Si hivyo, kwa kuwa vyombo visivyofanana hushindana kwa hesabu ya fidia, ambamo chombo cha kasi hutozwa muda na cha polepole hupunguziwa. Unaweza kufika wa kwanza ukawa wa tisa kwenye orodha. Baharia aliyekulia kwenye mashindano ya mashua za Lamu, ambako wa kwanza kufika ndiye mshindi na mji mzima unaona, huchukua miaka kuizoea hesabu hiyo, na wengine hawaizoei kamwe. Dawa yake ni kushindana na vyombo vinavyofanana na chako, ambapo hesabu haipo, na katika Solent ziko Contessa 32 za kutosha kuanza pamoja kama kundi lao wenyewe, hata katika wiki ya mashindano ya Cowes. Humo utajifunza kwa haraka, maana chombo cha jirani ni kilekile chako, na akikupita huna cha kulaumu ila mkono wako.

Idadi ya mabaharia inakwenda kinyume. Nyinyi ni watatu. Katika kundi la Contessa utakutana na vyombo vyenye watu wanne au watano, na tanga lile kubwa la mbele linawahitaji wote. Itabidi umtafute rafiki wa nne. J/105 ingewatosha nyinyi watatu, hata wawili, na kama moyo wako ungekuwa kwenye mashindano marefu ya kuvuka bahari mkiwa wawili tu, ningekuambia uichukue leo hii bila kusoma zaidi.

Kuhusu Lamu nitasema machache, kwa kuwa ndoto ya mtu si ya kukanyagwa. Njia ya Bahari ya Shamu haifai kufikiriwa kwa sasa, kwa hatari zilizoko huko tangu mwishoni mwa 2023. Inabaki njia ya kuzunguka kusini mwa Afrika, ambayo kwa yoti ya ukubwa huu ni karibu mwaka mzima ukihesabu mapumziko: uizunguke Rasi ya Tumaini Jema katika kiangazi cha huko, Desemba hadi Februari, usubiri Afrika Kusini mpaka msimu wa vimbunga vya mlango wa bahari wa Msumbiji upite, kisha Mei au Juni ulishike kusi likusukume hadi nyumbani. Pwani ya mashariki ya Afrika Kusini, mkondo wa Agulhas hukimbia kuelekea kusini-magharibi, na upepo wa kusini-magharibi ukiupinga huzaa mawimbi yaliyovunja hata meli za chuma. Kwa njia hiyo Contessa ndiyo yenye mwili wake. Na ukishafika, utakuta kwamba mkuku wa yoti si tumbo la mashua: Mkanda, ile njia nyembamba ya maji kati ya Manda na bara, ambako babu yako alipita akiangalia maji tu, wewe utapita ukipima kina na moyo ukikudunda, iwe na mita 1.68 au 1.98, na pwani kavu hutaweza kukipumzisha chombo bila magongo ya kukiegemeza.

Uamuzi wangu, basi, ni Contessa 32. Na naomba usinielewe vibaya, si kwa sababu ya Fastnet wala ya Lamu. Ni kwa sababu mbili ndogo zaidi. Siku 21 kati ya 33 ni za mtu anayelevywa na bahari, na chombo kizito kitampa nafasi nzuri zaidi ya kukubali kiangazi cha pili. Na ile nusu ya bei itakayobaki itakununulia tanga kuu jipya na tanga la mbele jipya, ambavyo kwenye kundi la vyombo vinavyofanana vinaleta tofauti kuliko chochote kingine. Ningegeuza uamuzi huu kama ungeniambia mke wako ameamua kwenda Cherbourg kwa feri na kukusubiri hapo, jambo ambalo si aibu na familia nyingi hufanya hivyo kwa amani kabisa.

Usilipe chochote kabla mkaguzi unayemlipa wewe mwenyewe, asiyeletwa na muuzaji, hajakitazama chombo kikiwa kimepandishwa nchi kavu. Katika Contessa ya 1978 atafute malengelenge ya maji ndani ya faibaglasi chini ya mstari wa maji, agonge sitaha yote kwa nyundo ndogo akisikiliza panapotoa sauti butu, na aangalie mabati ya ndani yanaposhikia nyaya za mlingoti. Nyaya zenyewe zikiwa na zaidi ya miaka kumi, zihesabu kama hazipo na uziondoe kwenye bei. Injini nayo iwashwe ikiwa baridi, mbele ya macho yako. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto kabla hujafika huenda anakuficha jambo. Kama bado utavutwa na J/105, ujue kwamba mwili wake umeundwa kwa tabaka mbili za faibaglasi zenye mti mwepesi wa balsa katikati, na kila tundu lililotobolewa sitahani bila kuzibwa sawasawa limekuwa likiupa mti huo maji tangu 2001. Hapo mkaguzi aje na kipimo cha unyevu, na azikague bolti zinazoshika mkuku moja baada ya nyingine, akitafuta mstari wa ufa mahali mkuku unapoungana na mwili, maana chombo kilichowahi kugonga mwamba huonyesha kovu lake hapo hata kikipakwa rangi mara tatu.

Kisha omba kukijaribu majini. Muuzaji atakuchagulia asubuhi tulivu. Wewe mchagulie siku ya bamvua, upepo wa kusini-magharibi wa kadiri, maji yakitoka, mtoke Lymington kuelekea Hurst kwa saa moja. Mke wako awepo, naye ashike usukani wakati wa kutoka, kwa kuwa mshika usukani hulevywa kidogo kuliko abiria. Mkirudi gatini, mwulize yeye kwanza, kabla hujasema lako.